Mizani Iliyomo Kichwani Mwetu

Tuanze na mfano. Baba mmoja ameuza magunia mawili ya mahindi. Asubuhi amepatana na mama watoto kwamba fedha hizo ni za sare, madaftari na nauli ya binti yao anayesoma shule ya bweni. Akiwa njiani kurudi, anapita penye mashine ya kamari. "Nijaribu elfu mbili tu," anajiambia. Jioni anafika nyumbani mikono mitupu. Shule inafunguliwa, wenzake wanaondoka, binti anabaki.

Wengi wetu tutasema baba huyu hampendi mtoto wake. Lakini tungemwuliza asubuhi ile, angeapa kwamba binti ni bora kuliko mashine, wala asingekuwa anasema uongo. Basi ni kitu gani kilichogeuka kabla ya jioni? Ili tuweze kumsaidia, na kujisaidia sisi wenyewe, yafaa tujue jinsi ubongo unavyopima faida.

Ubongo hupima kwa kulinganisha

Ndani kabisa ya ubongo mna chembe za neva zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Zamani wengi walidhani kazi yake ni kuleta raha tu. Mtaalamu Wolfram Schultz, alipokuwa Chuo Kikuu cha Fribourg huko Uswisi, aliwapa tumbili maji ya matunda kidogo kidogo huku akipima chembe hizo kwa vyombo. Kinywaji kilipokuja bila kutazamiwa, chembe zilichangamka. Kisha ikawa kila mara kinywaji kinatanguliwa na ishara, kama vile taa. Tumbili walipokwisha kuzoea, chembe zilichangamkia ishara, na kinywaji chenyewe hazikukishtukia tena. Na ishara ilipotolewa kisha kinywaji kisije, chembe zilinyamaza kuliko kawaida yake, wakati ule ule kilipotazamiwa. Schultz na wenzake Peter Dayan na Read Montague walieleza maana ya jambo hili mwaka 1997.

Maana yake ni kwamba ubongo hulinganisha kilichopatikana na kilichotazamiwa. Wahenga walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mshahara uliozoeleka haushtui, lakini elfu kumi zinazomwagika ghafla kutoka kwenye mashine hushtua sana. Tena, kwa kuwa hakuna ajuaye zitamwagika lini, ubongo hauchoki kuzitazamia. Utafiti wa Cambridge, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba hata kukosa padogo huamsha sehemu za ubongo zinazoamshwa na ushindi. Mchezaji ameshindwa, lakini kichwa chake kinamwambia, "Umekaribia!"

Cha karibu huonekana kikubwa

Mizani hii ina jambo la pili: hupunguza uzito wa faida iliyo mbali. Kibanda kilicho mbele ya macho huweza kuuficha mlima mzima. Asubuhi, shule na mashine vyote vilikuwa mbali, na baba aliona wazi kipi ni kikubwa. Alipofika mbele ya mashine, shule ilikuwa ya juma lijalo, na mashine ilikuwa ya sasa hivi.

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo hutusaidia kukumbuka ya kesho na kujizuia. Sehemu hii hukomaa polepole, hata baada ya kijana kupita miaka 20. Kwa hiyo tusishangae vijana wetu wanapovutwa upesi na michezo ya kubeti kwenye simu. Pombe nayo huidhoofisha, hata kwa mtu mzima.

Mtoto hupima pia ukweli wa mzazi

Huko Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester waliwajaribu watoto wadogo 28. Kwanza waliwaahidi vifaa vizuri vya kuchorea. Nusu yao waliletewa kama walivyoahidiwa; wengine waliambiwa, "Samahani, havipo." Ndipo kila mtoto alipopewa peremende moja na kuambiwa kwamba akingoja bila kuila atapata ya pili. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani dakika 12 hivi. Waliodanganywa, dakika 3 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013.

Basi mtoto asiyeweza kungoja si lazima awe mlafi. Huenda amepima ahadi za wakubwa akaziona nyepesi.

Tufanye nini?

1. Tuamue mapema, na tutende mapema. Fedha ya shule ilipwe siku ile ile, au akabidhiwe mama watoto, au iwekwe katika kikundi cha akiba, kabla ya kukutana na kishawishi.

2. Tukiweke kishawishi mbali. Tupite njia nyingine, na tuondoe michezo ya kubeti kwenye simu. Ni rahisi kukwepa kuliko kushindana.

3. Tutimize ahadi ndogo kwa watoto. Tukishindwa, tuwaambie mapema na kwa ukweli.

4. Tusiamue mambo ya fedha tukiwa tumelewa.

5. Anayeshindwa kabisa kuacha kamari tusimtukane. Shirika la Afya Duniani limeiweka hali hiyo katika orodha ya magonjwa. Aende hospitali akaonane na wahudumu wa afya ya akili. Tena, baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, zinazofanya kazi kama dopamini, zimewatia wagonjwa wengine hamu kubwa ya kamari. Ikitokea hivyo, mgonjwa amweleze daktari wake upesi. Asiache dawa mwenyewe.

Baba wa mfano wetu hakukosa upendo, wala uamuzi mwema hakuukosa: alikuwa nao asubuhi. Kosa lake ni kuubeba mfukoni mchana kutwa pamoja na zile fedha. Kama angepitia kwanza kwa fundi wa sare na kukata tiketi ya basi, mashine ingemkuta na chenji tu.