UZI: Dereva wa lori la Dagahaley akiumia njiani, nani analipa?

1/ Kila msimu wa siasa Garissa, lazima mtu asimame jukwaani aseme "madereva wetu wapewe bima." Watu wanapiga makofi, mjadala unaishia hapo. Lakini bima gani? Inamlipa nani? Na nani anailipia? Uzi huu unafafanua hayo bila kutaja chama wala mgombea. Soma mpaka mwisho, halafu ukikutana nao uwaulize vizuri.

2/ Kwanza kazi yenyewe. Dagahaley, Ifo na Hagadera ni kambi za Dadaab, zilizoanza 1991 na 1992. Unga, mafuta, sabuni, mahema, saruji, bidhaa za sokoni: vingi vinafika kwa lori. Shehena kubwa ya msaada inatua bandari ya Mombasa. Shirika linampa kandarasi mwenye kampuni ya usafirishaji. Malori yakipungua, kampuni inamwita ajenti. Ajenti anamtafuta mwenye lori. Mwenye lori anaweka dereva, ama anashika usukani mwenyewe. Dereva naye anatafuta tanboi.

3/ Hesabu hizo ngazi. Mzigo ukifika salama, kila mmoja anachukua chake. Lori likipinduka, kila mmoja anaonyesha aliye chini yake. Kampuni: "Ongea na ajenti." Ajenti: "Ongea na mwenye gari." Mwenye gari: "Huyo si mfanyakazi wangu, namlipa kwa safari, ni mtu wa kujitegemea." Hilo neno *kujitegemea* ndilo limebeba mzozo wote.

4/ Tuanze na bima inayojulikana: ya mtu wa tatu, ile tunaita thadi pati. Ni ya lazima kwa sheria ya Kenya, Sura ya 405. Huwezi kuendesha gari barabarani bila hiyo. Kazi yake ni kumlipa mtu mwingine aliyeumizwa au kuuawa na gari lako. Kiwango ambacho sheria inalazimisha kinaishia shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mahakama ikiamua zaidi ya hapo, ziada inaweza kumrudia mwenye gari.

5/ Sasa sikiliza vizuri hapa, maana wengi hawajui. Sheria hiyohiyo inasema bima ya mtu wa tatu hailazimiki kumlipa mwajiriwa wa mwenye gari aliyeumia akiwa kazini. Yaani stika iko kwenye kioo, polisi wameikagua kila kizuizi kutoka Mombasa mpaka Dadaab, lakini si ya dereva. Wala si ya tanboi.

6/ Basi dereva analindwa na nini? Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, wengi wanaijua kama WIBA. Inamtaka mwajiri anunue bima ya wafanyakazi wake. Mfanyakazi akifa au akilemaa kabisa, fidia ni mapato ya miezi 96. Piga hesabu: aliyekuwa akipata 30,000 kwa mwezi, ni shilingi 2,880,000. Akiumia na kushindwa kufanya kazi kwa muda, kuna malipo ya muda pia, hadi miezi 12. Na hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alifanya uzembe. Inatosha kwamba aliumia akiwa kazini.

7/ Shida iko wapi? WIBA ni ya mwajiriwa. Ukishaitwa mtu wa kujitegemea, mlango umefungwa. Ndiyo maana baadhi ya watu wanapenda sana kukuita hivyo.

8/ Lakini jina si neno la mwisho. Korti zikipata kesi kama hii huangalia kazi ilivyokuwa kweli. Nani alikuwa akipanga njia na saa ya kuondoka? Lori ni la nani? Ungeweza kumtuma mtu mwingine badala yako? Mafuta yakipanda bei, hasara ni ya nani? Kama gari ni la tajiri, ratiba ni ya tajiri, na wewe unaleta mikono tu, kuna hoja nzito kwamba wewe ni mwajiriwa, hata kama unalipwa kwa safari.

9/ Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inasaidia. Kazi ya miezi mitatu na zaidi inatakiwa iwe na mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Kesi ikifika kortini na hana karatasi, yeye ndiye anatakiwa athibitishe mlikubaliana nini. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "huna barua, huna haki." Kitu kingine: maana ya mwajiriwa katika WIBA haitaji uraia. Mkimbizi anayepakia na kupakua mizigo Dagahaley asijitoe mwenyewe kabla hajauliza.

10/ Kundi lililo pabaya kabisa ni dereva mwenye lori lake. Kwa bima ya mtu wa tatu, yeye si mtu wa tatu. Kwa WIBA, hana mwajiri. Amekopa, amenunua lori, analeta mzigo wa kandarasi kubwa, na akivunjika mguu karibu na Garissa bila kosa la mtu mwingine, hakuna sheria inayomlazimisha mtu yeyote kumlipa. Huyu anahitaji bima ya ajali binafsi, ambayo lazima ainunue mwenyewe.

11/ Na akinunua bima ya lori, aangalie aina. Kwa malori ya biashara kuna bima ya kubeba mzigo wako mwenyewe na kuna bima ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo. Ya kwanza ni rahisi kidogo, kwa hiyo inavutia. Ukikatiwa hiyo halafu ukabebea ajenti mzigo, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa dai. Abiria juu ya magunia ni hadithi ileile: bima ya mizigo haikuandikwa kwa ajili yao.

12/ Mzigo wenyewe je? Hata bima kamili ya lori hailipi unga uliomwagika. Hiyo ni bima nyingine, ya mizigo safarini. Uliza mapema nani ameikata: mwenye mzigo, kampuni au wewe? Kama ajenti anakukata pesa za magunia yaliyopotea, ujue wewe ndiye umefanywa bima.

13/ Kisha kuna usalama. Barabara za kaunti zetu za kaskazini mashariki zimewahi kutegwa vilipuzi, kila mtu anajua. Bima za kawaida za magari huweka kando vita na ugaidi. Kinga hiyo inaongezwa kwa malipo ya ziada. Mvua nayo: Novemba 2023, halafu tena Aprili 2024, Tana ilikata barabara pale Mororo, malori yakakwama. Anayelipwa kwa safari halipwi kwa kungoja, na bima ya ajali hailipi siku za kukaa tu.

14/ Wengine watasema: "Sisi tuna maslaha na diya, bima ya nini?" Hoja ya maana, tusiidharau. Katika desturi ya Wasomali, dereva akiua mtu, ukoo wake unachanga: ngamia 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke, siku hizi mara nyingi kwa pesa. Imezuia visasi vingi. Na mtu akipatwa na shida, kuna qaaraan, mchango wa jamaa.

15/ Lakini diya ni ya aliyekosewa. Dereva aliyelazwa hospitali haimfikii. Na dereva aliyetoka Voi au Mombasa hana ukoo wa kumchangia hapa. Zaidi ya hayo, mikataba mingi ya bima inakukataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila idhini yao ya maandishi. Ukikaa kwenye maslaha leo, ukakubali, kesho kampuni ya bima inaweza kukwambia: "Umelipa kwa hiari yako." Wazee na bima wanafaa kuzungumza kabla ya mkono kutolewa.

16/ Kwa anayeona bima ya kawaida ina riba na kubahatisha, kuna takaful: watu wanachanga mfuko mmoja, wanasaidiana kutoka humo. Kenya imekuwa na kampuni ya takaful tangu 2011, na wafugaji wa Wajir walilipwa kwa mpango wa takaful ya mifugo mwaka 2014 baada ya ukame. Kwa hiyo dini si kizuizi. Kizuizi kikubwa ni ada, na kukosa mtu wa kueleza.

17/ "Si kuna SHA?" Ndiyo, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Asiye na mshahara anapimiwa mchango wake, usiopungua 300 kwa mwezi, na analipa wa mwaka mzima mbele. Lakini SHA ni ya matibabu. Hailipi karo ya watoto wakati baba hawezi kukanyaga klachi.

18/ Sasa mjadala wa siasa. Kuna njia tatu zinazozungumzwa:
– Kila mtu ajikatie. Rahisi kwa serikali, lakini mwenye mapato ya kubahatisha ndiye wa kwanza kuacha kulipa.
– Kandarasi ya juu ibebe bima ya wote mpaka tanboi. Inaziba zile ngazi za kutupiana lawama. Hatari yake: gharama inaweza kushuka chini kama makato kwenye bei ya safari, ama mwenye lori moja akaachwa na kazi ikaenda kwa wakubwa.
– Mfuko wa pamoja, serikali au kaunti ikiongeza kidogo. Ada inapungua kwa kuwa wengi. Lakini nani anashika pesa, na nani anaukagua?

19/ Kwa hiyo akisimama wa kusema "tutawapa bima," muulize:
Ni ya gari, ya mzigo au ya mtu?
Mwenye lori lake yumo?
Tanboi yumo, hata akiwa mkimbizi?
Kilipuzi kimo?
Ada inatoka wapi mwaka wa pili, baada ya uchaguzi?

20/ Wakati siasa inaendelea, fanya haya. Piga picha kila hati ya mzigo, inaonyesha ulikuwa kazini kwa nani. Weka ujumbe wote wa M-Pesa wa malipo, ndiyo hesabu ya mapato yako. Hakiki kama cheti cha bima ni halali kabla ya kupanda lori. Ukiumia, toa taarifa mara moja kwa maandishi, hata kwa simu. Dai la WIBA linapitia ofisi ya usalama na afya kazini, na muda wake ni miezi 12 tangu ajali, ama tangu kifo. Ukingoja wazee wa ajenti na wa mwenye gari wamalize kubishana, mwaka unapita.

21/ Kama una dereva kwenu, mtumie namba 5, 11 na 20 leo, kabla hajapakia. Na kama wewe ni ajenti au mwenye lori na unaona kuna jambo limeachwa, andika hapo chini tulijadili bila matusi.