Jino Linalokutana na Fundo la Muwa

Simama karibu na mashine ya miwa inayozungushwa kwa mkono, umtazame mkamuaji wakati fundo la muwa linaingia kati ya rola. Anapunguza mwendo, analiegemea gurudumu kwa mwili mzima, fundo linapasuka, juisi inamwagika, kazi inaendelea. Mkono umeuhisi ugumu ukasubiri. Mota haina subira hiyo. Nimeletewa mashine zilizokamua miaka mingi kwa mkono bila tatizo, zikafungwa mota, na kabla ya mwezi kwisha gia zake zimekatika meno.

Swali la kwanza la mwenye mashine huwa ni lile lile: je, mota ilikuwa kubwa mno? Mara nyingi mota ilikuwa sawa kabisa. Kilichokosewa ni gia ya mwisho, ile iliyo karibu na rola, kwa sababu aliyeichagua alipima nguvu ya mota akasahau mwendo.

Tufanye hesabu pamoja, si ngumu. Chukua mota ya farasi 2, yaani kama kilowati 1.5, inayozunguka mara 1,400 kwa dakika. Zidisha kilowati kwa 9,550, kisha gawa kwa mizunguko. Utapata nyutoni-mita 10 hivi. Hiyo ndiyo nguvu ya kusokota iliyopo kwenye shafti ya mota, na ni ndogo: ni kama kuning'iniza ndoo ya lita 10 ya maji kwenye mkono wa sentimita 10. Lakini rola za miwa hazitaki kwenda mbio. Mizunguko 17 au 18 kwa dakika inazitosha. Kwa hiyo tunapunguza mwendo mara 80: puli na mkanda zipunguze mara 5, jozi ya kwanza ya gia mara 4, jozi ya pili mara 4 tena. Kila mwendo unapopungua, nguvu ya kusokota inapanda kwa kiasi hicho hicho, ukiacha kidogo kinacholiwa na msuguano. Ndoo moja ya kwenye mota imekuwa ndoo 80 kwenye rola.

Sasa tazama gia ndogo ya jozi ya mwisho. Shafti yake inabeba nyutoni-mita 200. Ikiwa na meno 18 ya moduli 5, kipenyo chake pale meno yanapokutania ni milimita 90, kwa maana moduli ni milimita za kipenyo kwa kila jino: 18 mara 5. Kutoka katikati ya shafti hadi kwenye jino ni milimita 45, hivyo jino linasukumwa kwa nyutoni 4,400 na ushei, uzito wa karibu kilo 450. Fanya gia hiyo hiyo kwa moduli 3. Kipenyo kinashuka hadi milimita 54, mkono unafupika, na mzigo unapanda kufikia kilo 750. Jino limekuwa dogo na wakati huo huo limeongezewa mzigo. Ukiupunguza na upana wa gia kwa uwiano ule ule, jino la moduli 3 linaumia zaidi ya mara 4 kuliko la moduli 5. Ndiyo sababu mashine moja inaweza kuwa na moduli 3 kwenye jozi ya kwanza, ambako mzigo hauzidi kilo 190, ikahitaji moduli 5 kwenye jozi ya pili. Anayenunua gia zote za aina moja ili meno yafanane ameidhulumu ile ya mwisho.

Mhandisi Wilfred Lewis wa Marekani aliyaeleza haya mwaka 1892 kwa kulichukulia jino la gia kama boriti fupi iliyoshikwa upande mmoja. Wazia tawi la mwembe: unalivuta nchani, linavunjikia kwenye shina. Kwa hiyo linalohesabika ni unene wa jino pale chini na upana wake. Kwa gia ya meno yaliyonyooka, upana wa mara 8 hadi 12 ya moduli hufaa. Ukizidisha sana, shafti ikipinda kidogo tu, ncha moja ya jino ndiyo itakayobeba kila kitu na upana ule wote utakuwa wa bure.

Halafu lipo fundo lenyewe. Rola zikikwama, mota ya umeme ya kawaida inaweza kusukuma zaidi ya mara 2 ya nguvu yake ya siku zote kabla ya kusimama, na msukumo huo wote unakwenda kwenye jino. Hapa nautetea mkanda, ambao mafundi wengine wanauondoa ili mashine ionekane nadhifu. Mkanda ulio upande wa mota huteleza kabla jino halijavunjika. Mkanda ni wa bei ndogo kuliko gia, na kuubadilisha ni kazi ya dakika chache.

Kuhusu chuma chenyewe, omba chuma cha kaboni ya wastani. Madukani kinaitwa EN8, au C45, au 1045, kufuatana na nchi kilikotoka, na tofauti zao kwa kazi hii ni ndogo. Kina kaboni karibu asilimia 0.4, kiasi cha kutosha kukubali kukazwa kwa moto. Chuma laini cha kutengenezea mageti hakina kaboni hiyo. Ukikichoma hadi kiwe chekundu na kukitumbukiza majini, hakitakuwa kigumu cha maana, na meno yake yatalika. Gia ndogo iwe ngumu kuliko kubwa, kwa sababu kila jino lake linafanya kazi mara 4 wakati jino la gia kubwa linafanya mara 1. Na jino la chuma hiki likikatika, usilijaze kwa kuchomelea ukategemea lirudie uzima wake. Sehemu iliyopata joto ikipoa haraka huwa kavu kama kigae.

Idadi ya meno nayo ina mpaka. Gia ambayo meno yake yanasukumana kwa pembe ya nyuzi 20, ambayo ndiyo ya kawaida leo, ikiwa na meno chini ya 17 kisu cha kuchongea huanza kuila shingo ya jino, palepale tulipotaka unene. Mimi huanzia 18. Kwenye gia kubwa napenda meno 71 au 73 kuliko 72, ili jino moja lisikutane na wenzake walewale kila mzunguko na kasoro moja isichimbe mahali pamoja.

Ukiokota gia kwenye vyuma chakavu, hesabu meno, pima kipenyo cha nje kwa venia, kisha gawa kwa meno ukiwa umeongeza 2. Gia ya meno 30 yenye milimita 96 ni moduli 3. Ikitoa milimita 101.6, hiyo imechongwa kwa kipimo cha inchi, moduli yake ni 3.175, na haitakaa na moduli 3 hata macho yakikwambia zinafanana. Gia za gari nyingi zina meno ya mshazari. Ile ya kurudi nyuma mara nyingi ndiyo iliyonyooka, na ndiyo maana gari likirudi nyuma hulia. Ni ngumu sana juu, hivyo kuipanua tundu kwa lethi ya kawaida ni kuua visu.

Wakati wa kufunga, weka kipande cha karatasi ya kawaida ya kuandikia kati ya meno, bana gia hadi zikutane, kaza beringi, kisha zungusha karatasi itoke. Unene wake, karibu sehemu 1 ya 10 ya milimita, utaacha mwanya unaofaa kwa moduli 3. Kwa moduli 5 tumia karatasi mbili. Paka rangi ya mafuta kwenye meno machache ya gia ndogo, zungusha kwa mkono mara kadhaa, na usome alama kwenye gia kubwa. Rangi ikitokea katikati ya upana wa jino, funika gia kwa bati, tia grisi inayoruhusiwa kwenye vyakula, na ingiza muwa wa kwanza. Ikitokea kwenye ncha moja, legeza beringi uanze upya, kwa kuwa fundo la kwanza litaingia leo hii.