Korea Kusini: Uzazi Uliozuiwa Usivyorudishwa kwa Posho

Katika mjadala wa kushuka kwa uzazi duniani, Korea Kusini hutajwa mapema, kwa kuwa mwaka 2023 kiwango chake cha uzazi kilifika 0.72, yaani, kama wanawake wa kila rika wangeendelea kuzaa kama walivyozaa mwaka huo, wanawake 100 wangemaliza umri wa kuzaa wakiwa na watoto 72 tu. Ili kizazi kirithiwe na kingine chenye idadi ileile bila kutegemea wahamiaji, huhitajika takriban 2.1.

Lisilokumbukwa sana ni kwamba serikali yenyewe iliusukuma uzazi kushuka. Mwaka 1962, wanawake wa huko wakizaa wastani wa watoto karibu sita, utawala wa Park Chung-hee ulianzisha kampeni ya uzazi wa mpango, ambayo baadaye ilifikia kuwasamehe mafunzo ya askari wa akiba wanaume waliokubali kufunga uzazi. Elimu ya wasichana, viwanda na maisha ya mijini vilivuta upande huohuo. Kufikia mwaka 1983 kiwango kilikuwa chini ya 2.1, lakini sera ya kuzuia uzazi haikuachwa hadi mwaka 1996. Kuchelewa huko kunaelezeka, ingawa hakusameheki: wasichana waliozaliwa kwa wingi katika miongo iliyotangulia walikuwa sasa mama, na wazee walikuwa wakiishi zaidi, hivyo jumla ya watu iliendelea kupanda wakati familia moja moja zilikwisha kuwa ndogo. Vifo havikuzidi vizazi hadi mwaka 2020.

Tangu mwaka 2006 fedha nyingi zimetumika kwa posho, likizo za uzazi na vituo vya kulelea watoto, lakini uzazi haukurudi. Wanaowalaumu vijana kwa ubinafsi, nao ni wengi, husahau kwamba katika jamii ambayo watoto wachache sana huzaliwa nje ya ndoa, uzazi huanzia kwenye ndoa, na ndoa huanzia kwenye nyumba. Chini ya utaratibu uitwao jeonse, mpangaji hutoa kwa mkupuo amana kubwa mno badala ya kodi ya kila mwezi, na mjini Seoul amana hiyo humshinda kijana asiyesaidiwa na wazazi. Juu yake zipo ada za hagwon, yaani vituo vya tuisheni, saa ndefu za kazi, na desturi ya kumwachia mke malezi hata akiwa mwajiriwa. Posho humfikia aliyekwisha kuzaa. Ambaye bado anatafuta amana haimgusi.

Mwaka 2024 kiwango kilipanda kidogo hadi 0.75, baada ya ndoa kuongezeka. Wengi wa waliooana wanatoka katika rika la miaka ya mwanzo ya 1990, ambapo watoto zaidi ya 700,000 walizaliwa kila mwaka. Waliozaliwa mwaka 2002, ambao zamu yao inakaribia, hawakufika 500,000.