Jani la Mpunga na Joto la Kaskazi

Wakulima wetu wanajua tangu zamani kwamba jua la kaskazi hukomaza na pia huunguza. Lakini iko hasara nyingine isiyoonekana kwa jicho. Jani laweza kuwa bichi, na maji yamo jalubani, hali ndani yake kazi imekwisha kusita. Hilo ndilo tunalopenda kulizungumza leo, maana linagusa sahani ya kila nyumba ya visiwa hivi, ambavyo hununua nje sehemu kubwa ya mchele wake.

Jani hujitengenezea chakula kwa mwanga, maji na hewa ya kaboni. Wataalamu huiita kazi hiyo usanisinuru. Protini inayoikamata hewa hiyo huitwa rubisko. Nayo ina udhaifu wake: mara kwa mara hunaswa na sukari isiyofaa, ikafungika. Kuifungua ni kazi ya protini nyingine, aktivezi, iliyoelezwa na watafiti wa Illinois, Marekani, mwaka 1985. Ajabu ni kwamba rubisko yenyewe hustahimili joto kali, bali mfunguaji wake katika mimea mingi huanza kulegea jani likipita nyuzi 35 hivi. Mwenye ufunguo akizirai, mlango haufunguki.

Mmea haukuachwa mikono mitupu. Joto likipanda, hutengeneza protini za kinga, ambazo huzishika nyingine zisivurugike na kugandamana. Joto likija kidogo kidogo, mmea huwahi kujiandaa. Likija ghafla, na ardhi ni kavu, huzidiwa. (Maua ya mpunga nayo huathirika, na pengine mapema zaidi, hayo yanataka makala yake.)

Kaskazini mwa Australia huota mpunga wa porini, Oryza australiensis, wenye aktivezi inayostahimili joto zaidi. Watafiti waliihamishia katika mpunga wa kawaida, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa mpunga huo ulizaa vizuri zaidi katika joto kuliko wenzake. Hatusemi mbegu hiyo iletwe kesho. Kuhamisha vinasaba ni jambo la sheria na mjadala mrefu. Tunalosema ni kwamba mbegu na mbegu hazilingani mbele ya joto, na tofauti hiyo hupimika.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa kilimo, na ndugu zetu wa utafiti pale Kizimbani, wazipime mbegu za asili zilizomo katika vihenge vya wazee wa Unguja na Pemba kabla hazijapotea, na wapime joto la jani lenyewe, si la kivulini tu. Mkulima wa Cheju au Bumbwisudi anapokabidhiwa mbegu, haitoshi kuambiwa itakomaa kwa siku ngapi. Aelezwe pia ilifanyaje kazi katika kaskazi kali, na aelezwe kabla ya kuanza kupanda.