Tarehe 05/04 ilivyonipotezea mteja wa madera 12

Leo siongelei matangazo wala bei. Naongelea tarehe na saa kwenye daftari lako la oda, maana hapo mimi niliumia.

Nauza madera mtandaoni nikiwa hapa Pugu. Dada mmoja aliagiza madera 12 ya sare ya shughuli, elfu 18 kila moja, akatuma kianzio laki moja. Mzigo aliutaka tarehe 5 Aprili. Nikaandika 05/04 kwenye Google Sheets, nikapanga oda kwa tarehe, nikaendelea na kazi.

Tarehe 5 asubuhi simu inaita: "Mdogo wangu, mzigo uko wapi?" Naangalia oda yake, iko chini kabisa, tarehe 4 Mei! Kariakoo sijaenda, mzigo sina. Nikarudisha laki yake. Faida ya elfu 48 ikaenda, na yule dada hajarudi tena.

Kumbe shiti yangu ilikuwa kwenye mpangilio wa Marekani. Wale wanaanza na mwezi, sisi tunaanza na siku. Ubaya ni kwamba haikwambii. Ukiandika 18/04 inashindwa, kwa sababu hakuna mwezi wa 18, kwa hiyo inaiacha kama maandishi na inakaa upande wa kushoto. Ila siku za 1 mpaka 12 inageuza kimyakimya. Ukiona tarehe nyingine zimekaa kushoto na nyingine kulia, shtuka.

Fanya hivi:

1. Fungua File, Settings, Locale, weka United Kingdom. Ila ujue, tarehe zilizokwisha kugeuzwa hazijirekebishi. Zipitie moja moja.

2. Zoea kuandika mwaka-mwezi-siku: 2025-04-05. Huu ni mtindo wa kimataifa unaoitwa ISO 8601. Hauchanganyi mtu, na hata ukibaki kama maandishi bado unajipanga sawa.

Sasa saa. Mteja anasema "niletee saa 2". Ukiandika 2:00, kompyuta inaelewa saa nane usiku. Kanuni ninayotumia:

- Saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni: ongeza 6. Saa 8 mchana ni 14:00.
- Saa 1 mpaka saa 5 usiku: ongeza 18. Saa 2 usiku ni 20:00.
- Saa 6 usiku mpaka saa 12 asubuhi: toa 6. Saa 11 alfajiri ni 05:00.

Hapo kwenye saa 6 usiku kuna mtego. Kwetu usiku ni mmoja, ila kwa kompyuta siku imeshabadilika. Mteja akisema "Jumamosi saa 8 usiku", muulize: usiku wa kuamkia Jumamosi au wa kuamkia Jumapili? Usione aibu kuuliza.

Kitu cha mwisho, kwa wenye tovuti au mfumo wa oda. Mifumo mingi inatunza saa za UTC, na Tanzania iko mbele kwa saa 3 mwaka mzima. Oda iliyoandikwa 30 Aprili 22:30, kwetu ni 1 Mei 01:30, yaani saa saba na nusu usiku. Usipoongeza hizo saa 3, mauzo ya Mei unayahesabu Aprili, halafu unashangaa hesabu hazikubaliani na simu.

Na ukikuta namba ndefu kama 1704067200 kwenye sehemu ya tarehe, usidhani ni namba ya simu. Ni sekunde tangu 1 Januari 1970, kwa UTC. Kama iko kwenye A2, andika:

=(A2+10800)/86400+25569

Halafu nenda Format, Number, Date time. Itakupa 1 Januari 2024, saa 03:00 za kwetu. Hiyo 10800 ni zile saa 3 kwa sekunde, na 86400 ni sekunde za siku nzima. Namba ikiwa na tarakimu 13, igawe kwanza kwa 1000.

Mimi sijasomea kompyuta, nimeishia sekondari. Haya nimejifunza kwa hasara. Wewe jifunze bure: leo kabla hujalala, fungua daftari lako la oda, angalia zile tarehe za 1 mpaka 12. Ukikuta moja imegeuka, mpigie mteja wako kabla hajakupigia yeye.