Robine Yenye Kuvuja: Namna ya Kuitengeneza Sisi Wenyewe



Katika ukurasa huu sisi makapita tunataka kueleza jambo moja lenye kuonekana dogo, lakini lilitutesa mwezi muzima: robine ya fasi ya kunawia ya internati. Kila mutu aliisikia usiku ikilia to, to, to. Tunaandika juu ya sababu mbili. Ya kwanza, kazi hii mwanafunzi anaweza kuifanya, hapa na kwao nyumbani. Ya pili, tuko na deni kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Deni hilo mutalisoma kwa mwisho.

Maji yanapotea kiasi gani?

Mwanzoni tulizani ni matone tu. Kisha mumoja wetu akasema: tupime kwanza. Tukaweka ndoo ya litri 10 chini ya robine saa 12 ya jioni, tukakataza watu kuigusa. Kesho yake saa 12 ya asubuhi ndoo ilikuwa imejaa. Sasa muhesabu pamoja nasi. Usiku litri 10, muchana litri 10, ni litri 20 kwa siku moja, maana bidoni nzima. Kwa siku 30 ni litri 600.

Maji hayo yanatoka katika sitene yetu ya mvua. Wote munajua kama kiangazi kikifika na sitene ikikauka, tunashuka kwa chemchemi. Mutoto wa mwaka wa kwanza anabeba bidoni ya litri 10. Basi litri 600 ni safari 60 za kupanda kilima na bidoni kwa kichwa. Na yule mwenye kupanda kilima mbele ya jua kutoka, njo yeye anasinzia katika somo la hesabu.

Wengine walisema: tuache ndoo pale, maji yatatumika. Ni vizuri kwa siku mbili. Lakini usiku ndoo inajaa, maji yanamwangika, na ukuta unaanza kuloa.

Ndani ya robine kuna nini?

Robine si kitu cha ajabu. Ndani kuna fimbo fupi ya chuma yenye nyuzi kama za vis. Kwa mwisho wa fimbo kuna kipande cha mupira, mviringo kama franga ya zamani. Chini ya mupira kuna tundu ambamo maji yanapita, na mudomo wa tundu hilo unaitwa kiti. Ukizungusha mukono wa robine kwa kuume, fimbo inashuka, mupira unakalia kiti, maji yanasimama. Ukizungusha kwa kushoto, mupira unapanda, maji yanapita.

Basi maji yakitoka hata robine imefungwa, mara nyingi ni mupira umezeeka: umekuwa mugumu, umepasuka, ao umechimbika na kiti. Lakini maji yakitokea juu, karibu na mukono, ni ugonjwa mwingine. Hapo ni ile kamba yenye kuzunguka fimbo imeisha. Kaza kidogo ekuru ya juu. Isipokoma, funga maji, uifungue, uzungushie fimbo uzi wenye kupakwa mafuta mazito, kisha ukaze tena.

Namna ya kufanya kazi

Siku ya posho tulimuomba muzee fundi wa masomo atuonyeshe. Vyombo ni vichache: ufunguo wa kufungulia ekuru, turnavisi, kisu chenye makali, kitambaa, na kipande cha mupira.

1. Funga vane yenye kuleta maji. Halafu fungua robine mupaka maji yote yaliyobaki yatoke. Mwenye kusahau jambo hili ataoga bila kutaka, sawa mumoja wetu alivyooga.

2. Ziba tundu la kunawia na kitambaa. Vis ikianguka mule, kazi ya nusu saa itakuwa ya siku mbili.

3. Tosha mukono wa robine. Kisha zungusha ekuru kubwa kwa kushoto. Mukono mwingine ushike mwili wa robine kwa nguvu, kusudi tiyo ya ndani ya ukuta isizunguke. Tiyo ikivunjika mule, itabidi kubomoa ukuta.

4. Tosha kichwa cha robine, uangalie mupira. Wetu ulikuwa na alama ya duara yenye kuchimbika sana, na upande mumoja umekatika.

5. Mwenye franga anunue mupira mupya kwa soko, na aende na ule wa zamani kusudi saizi ipatane. Sisi tulikata kipande cha shambreri ya kamio. Ile ya kinga ni nyembamba sana. Weka mupira wa zamani juu ya kipande, chora pembeni yake, ukate polepole. Ukiwa mukubwa hautaingia. Ukiwa mudogo maji yatapita pembeni.

6. Pitisha kidole juu ya kiti. Kama kuna muchanga, pangusa. Kama chuma chenyewe kimekwaruzwa, mupira mupya hautakaa siku nyingi. Hapo umuite fundi.

7. Mbele ya kurudisha kichwa, zungusha fimbo mupaka ipande juu, sawa robine iliyofunguliwa. Kama sivyo mupira utasagwa juu ya kiti wakati wa kukaza.

8. Kaza ekuru, funga robine, fungua vane polepole. Ungoje, uangalie.

Sisi tulingoja robo saa. Hakuna tone hata moja. Usiku ule wa kwanza wengi walikosa usingizi, kwani walikuwa wamezoea ile to, to, to!

Juu ya deni letu

Sasa tuseme kweli. Wakati robine ilianza kuvuja, sisi makapita hatukutafuta sababu. Tulisema: ni wadogo, hawajue kufunga robine. Tukaandika majina ya watatu katika kaye ya nidhamu, tukawapa punisio ya kukata majani, siku mbili. Wao walituambia: tumefunga, lakini maji haikatae kutoka. Hatukuwasikiliza. Tukawaamuru wakaze na nguvu zote. Na wao, kwa woga, wakakaza na mikono miwili.

Muzee fundi alipoona ule mupira uliokatika aliuliza ni nani alikaza vile. Tukanyamaza. Yeye akacheka, akasema: «Robine haiogope kapita.» Kisha akatueleza: robine ikivuja, kuikaza sana kunaumiza mupira tena zaidi, na kunaweza kuharibu kiti pia. Basi nguvu ile tuliyoamuru njo ilimaliza mupira. Wadogo walikuwa na haki, na sisi tulikuwa wenye kosa.

Kwa hiyo tumefuta majina yale matatu katika kaye. Tena siku ya posho iliyofuata sisi makapita tulikata majani siku nzima, na watu wote walituona. Ninyi watatu, tunawaomba musamaha mbele ya masomo yote.

Kwa kumaliza, tunawaomba mambo matatu. Fungeni robine kwa vidole, si kwa nguvu za bega: fasi maji yanasimama, na mukono usimame. Mukiona tone, mutuletee habari siku ileile, hatutauliza ni nani. Na mukienda likizo, muangalie robine ya nyumbani ao ya jirani. Mama anayenunua maji kwa bidoni atajua kama mutoto wake hakusoma bure.

Mwaka huu sisi wafinaliste tunaondoka. Kile kipande cha shambreri kilichobaki tumekiweka katika sanduku la vyombo, karibu na mulango wa depo. Kinatosha kwa mipira mingine sita. Mukitumie.

Makapita wa internati