MUSOMA, BUNDA NA BUTIAMA: NCHI TUNAYOIPITA BILA KUITAZAMA

Mwaka 1934 mtoto wa miaka kumi na miwili alitoka Butiama kwenda Musoma, mwendo wa maili 26 hivi, kuanza masomo katika shule ya Mwisenge. Mtoto huyo ndiye Julius Kambarage, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Oktoba 1967, akiwa Rais wa nchi, alishika njia tena kwa miguu, kutoka Butiama hata Mwanza, kuliunga mkono Azimio la Arusha.

Twayakumbusha hayo kwa kuwa wengi wetu huipita nchi hiyo wamesinzia ndani ya basi.

Musoma umekaa juu ya rasi iliyoingia ndani ya Ziwa Viktoria, na majabali yake yamesimama hata ukingoni mwa maji. Gizani taa za wavuvi wa dagaa huwaka ziwani kana kwamba kuna mji wa pili. Mwenye likizo apumzike pale, ale sato. Lakini asikimbilie kuoga, maana maji ya kando yana kichocho.

Butiama haina makuu. Pale Mwitongo, kati ya miti na mawe, amelala Mwalimu, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na kurudishwa kuzikwa kwao. Jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka huo huo limehifadhi vitu vyake. Kijana asomaye habari zake vitabuni, na aende akaone.

Bunda ni mlango. Kando ya barabara ya Mwanza iko Ndabaka, lango la magharibi la Serengeti, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951. Humo nyumbu zaidi ya milioni moja huhama kila mwaka wakifuata majani, na katika mto Grumeti mamba huwangojea.

Wageni huvuka bahari kuja kuyaona hayo. Je, ni wafanyakazi wangapi wa Musoma waliowahi kuingia Ndabaka? Kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni. Tunachokosa ni mpango. Matawi yetu na vyama vya wafanyakazi havishindwi kuchanga nauli na kukodi basi kwa siku moja.

Na tukienda, tusiwatazame wanyama tu. Pembeni mwa hifadhi mkulima wa Bunda hukesha shambani akipiga madebe ili tembo wasimalize mahindi yake. Tembo yule yule anayemfurahisha mtalii aweza kula chakula cha mwaka mzima kwa usiku mmoja. Mkulima huyu ni jirani wa kwanza wa Serengeti, naye hana budi kupata fungu lake katika fedha ya utalii, na kifuta jasho chake kimfikie kabla njaa haijafika.

Ndugu wasomaji, likizo ijayo shukeni njiani. Mzungumzeni naye.